Karanga Zilizofutwa

Msichana asiyemjua alimpa Penina Ndahani mkate barabarani, asubuhi ya Ijumaa, na Penina akaupokea kwa mikono miwili kwa sababu hakulelewa kumrudishia mtu chakula usoni. Ulikuwa mkate wa kukatwa, pamoja na soda baridi. Msichana alikuwa amening'iniza kitambulisho cha kazi shingoni. Alimwambia pole sana bibi, Mungu anakuona, kisha akavuka barabara upesi, kama mtu aliyetenda wema na hataki kushukuriwa.

Penina alibaki ukingoni mwa barabara akijikagua. Gauni lake la kitenge lilikuwa limepigwa pasi na mkwewe Ruthu asubuhi ileile. Sweta yake ya kijani ilikuwa nzima, na miguuni alivaa viatu vya ngozi ambavyo huvitoa kabatini siku za ibada tu. Hapakuwa na palipochanika wala palipochafuka. Ametoka Kongwa juzi kwa basi, amefikia kwa mwanawe Lameck pale Nzuguni, na wiki ijayo mjukuu wake atapokea kipaimara. Asubuhi hiyo, nyumba ilipobaki tupu, alipanda bajaji kwenda kumtafutia mjukuu viatu vyeupe. Lameck alikuwa amemkataza asihangaike kwenda mjini. Alisema mjini kuna upepo na vumbi, yeye mwenyewe atanunua kila kitu. Penina alidhani ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake, akacheka, akatoka.

Hatua chache mbele palikuwa na jengo jipya la ghorofa, lenye vioo vya buluu na maduka chini. Alipokaribia ngazi zake mlinzi alimzuia. Hakuwa mkali. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba bibi, hapa wenyewe hawaruhusu kuomba, atapata shida yeye mlinzi. Penina akamwambia kwamba anatafuta viatu vya mtoto. Mlinzi akamtazama, akatazama mkate na soda mikononi mwake, kisha akainua macho juu ya ukuta wa jengo, akayarudisha kwake.

Ndipo Penina naye akainua macho.

Ukuta mzima wa mbele, kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu, ulikuwa skrini. Alikuwa amesikia habari za skrini hizo, hata aliwahi kuiona moja kwa mbali kutoka dirishani mwa basi, ikitangaza simu. Hii ilikuwa kubwa kuliko nyumba ya Lameck, na inang'aa mchana kweupe kiasi cha kulishinda jua. Lilikuwa linapita tangazo la rangi za nyumba. Likaisha. Kukawa na weusi kidogo, halafu akatokea yeye.

Alijitambua kabla hajataka kujitambua. Ulikuwa uso wake, lakini umetiwa weusi wa masizi, na kila kunyanzi limechimbwa likawa korongo. Alikuwa amekaa chini, khanga yake imepaushwa, na nyuma yake palikuwa na mtaro na takataka ambazo hajawahi kukaa karibu nazo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja wazi, kitupu, ukubwa wa mlango wa kanisa. Kwenye kidole gumba lilionekana kovu la jembe alilolipata akiwa na mimba ya Lameck. Maneno yakaja taratibu, na Penina, aliyemaliza darasa la saba, akayasoma moja baada ya jingine: JE, HUU NDIO UZEE UNAOUTAKA?

Kisha mtaro ukafutika, wakatokea mzee na mkewe wamekaa kwenye kochi jeupe, meno yote yamo, wanakunywa juisi. KIVULI BIMA. ZEEKA NA HESHIMA YAKO.

Halafu likaja tangazo la maji ya chupa.

Penina hakulia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumpa mlinzi ule mkate na ile soda. Cha pili, alimwuliza ni nani mwenye kitu kile cha ukutani. Mlinzi alionyesha mlango mdogo wa pembeni, akasema fundi yuko huko nyuma.

*

Picha ile aliikumbuka vizuri. Ilipigwa msimu uliopita wa mavuno, uani kwake, kijijini, karanga zimetandazwa kwenye turubai zikianikwa. Kijana mmoja anaitwa Noeli alikuja na kamera kubwa. Alisema anakusanya picha za wakulima kwa ajili ya kalenda. Alisalimia kwa adabu, na alijitahidi hata kusema mbukwa, salamu ya kwao, ingawa ulimi ulimkataa. Penina alikuwa anachambua. Akachota karanga kiganja kizima, akamnyooshea, akamwambia onja mwanangu. Noeli akasema subiri bibi, kaa hivyohivyo, mwanga ni mzuri. Akapiga. Kisha akala zile karanga zote, na alipokuwa anaaga Penina akamfungia nyingine kwenye mfuko akawapelekee watoto wake.

Hakuna mtu aliyezijua karanga kama watu wa kwao. Wazungu walikuja Kongwa zamani na matrekta yao, wakataka kuifanya nchi nzima shamba la karanga, wakashindwa, wakaacha vyuma vinapata kutu. Bibi yake Penina, mwenye jembe moja, hakushindwa. Penina mwenyewe alifiwa na mume wakati Lameck akiwa shule ya msingi, na kwa karanga na alizeti alimsomesha mpaka akapata cheti cha manunuzi na kazi katika ofisi moja hapo mjini. Ilikuwepo miaka ambayo mvua ilikatika na ghala likabaki na vumbi. Miaka hiyo alikula mara moja kwa siku, mlenda na uji wa mtama, na hakuna jirani aliyemkuta mlangoni pake na bakuli. Maneno ya watu kwamba Wagogo wa kwao ni ombaomba aliyajua tangu akiwa msichana anauza mayai stesheni. Abiria waliyatupa maneno hayo madirishani wakicheka, na yeye aliwarudishia chenji yao bila kusema kitu. Alikuwa amejiapiza kwamba maneno hayo hayatampata yeye wala mtu aliyetoka tumboni mwake.

Sasa walikuwa wamezifuta karanga, wakauacha mkono.

*

Fundi aliitwa Faridi. Alikuwa mtu wa Chemba, mrefu, mpole, na alipoelewa mama huyu ni nani alisimama akavua kofia. Alimkaribisha nyuma ya skrini, kwenye njia nyembamba ya vyuma kati yake na ukuta. Huko hakukuwa na picha yoyote. Kulikuwa na masanduku ya chuma yamepangwa kama matofali, nyaya, na feni zinazonguruma kupoza joto. Faridi alimweleza kwamba kila sanduku lina taa ndogondogo, nyekundu, kijani na buluu, na kila taa inaambiwa na kompyuta iwake kiasi gani. Mtu akiwa mbali anaona uso. Akisogea karibu kabisa anaona vidoto tu.

Penina aliuliza nani anaiambia kompyuta.

Faridi alisema matangazo yanatumwa na wakala wa wateja yakiwa tayari, yeye anayapanga kwenye mzunguko na kuhakikisha taa zote zinawaka. "Mimi nawasha tu, mama," alisema, na mara moja alionekana kutolipenda neno hilo. Akaongeza kwamba hata yeye kwao wanachekwa, kwa sababu lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, watu wa mjini wakiisikia wanaigiza kuku. Angependa kulizima tangazo hilo sasa hivi, lakini akilizima bila amri atakuwa hana kazi jioni.

"Lina muda gani hapo?" Penina aliuliza.

Alijibu kwamba liliwekwa mwanzoni mwa mwezi uliopita. Linapita kutwa, kila baada ya dakika chache, na limelipiwa mpaka mwisho wa mwaka.

Penina alilishika lile jibu, akaligeuza kichwani. Mwanzoni mwa mwezi uliopita. Barabara ile ndiyo inayotoka Nzuguni kuingia mjini, na Lameck huipita kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, na gari lake dogo jeupe. Asingeweza kukosa kuiona picha ile. Lakini hakutaka kuanza na hilo. Alimwomba Faridi ampeleke kwa mkubwa wake.

Mkubwa aliitwa Elisante. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya skrini hiyohiyo, na mwanga wake ulipenya pembeni mwa pazia ukibadilika rangi. Alimkaribisha Penina kiti, akaagiza chai, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema kwamba anasikitika, ila kampuni yake haitengenezi matangazo. Wao wanauza muda wa skrini tu. Picha zinakuja na mteja, mteja anathibitisha kwamba ana haki nazo, na Kivuli ofisi zao ziko Dar es Salaam. Angeweza kuwaandikia barua pepe.

Halafu aliinama mbele, akauliza kwa upole uliomchoma Penina kuliko matusi, "Samahani mama, una uhakika kwamba ni wewe? Maana wazee wa vijijini mara nyingi wanafanana."

Penina aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, kidole gumba kikiwa juu. Dirishani, pembeni ya pazia, rangi zilikuwa zinabadilika tena. Elisante alilitazama kovu. Alikohoa. Akafungua droo, akatoa bahasha, akaisukuma taratibu mezani akisema ni ya usumbufu na nauli, mama asirudi kwa miguu.

"Nimekuja kudai," Penina alisema. "Nikiichukua hiyo, nitakuwa nimekuja kuomba, na tangazo lako litakuwa limesema kweli."

Akasimama. Chai hakuigusa.

*

Lameck alirudi jioni akiwa na viatu vyeupe vya mtoto kwenye boksi. Ruthu alikuwa ameandaa ugali na mlenda, chakula alichokipenda mama mkwe, na watoto walikuwa kwa jirani. Penina alimngoja mwanawe anawe mikono. Alipokaa, alimwuliza siku hizi anapita njia gani kwenda kazini.

Lameck alisema ile ya kawaida. Ruthu aliacha kupakua. Alisema, bila kumtazama mumewe, kwamba si kweli, tangu mwezi uliopita anazunguka, anatoka nyumbani mapema zaidi, na alipomwuliza sababu alijibu kwamba kuna foleni.

"Umeniona," Penina alisema.

Lameck aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza masikioni, na wakati ule alionekana kama siku ile ya utotoni aliyopoteza ng'ombe wa jirani. Alikubali kwamba ameona.

"Ulipoona, ukafikiri nini?"

Ruthu aliketi pembeni, mwiko bado mkononi. Mwishowe Lameck alisema kwamba msimu uliopita mvua hazikuwa nzuri, na yeye alikuwa ametingwa na ujenzi, hakwenda nyumbani, hata kupiga simu ilikuwa kwa nadra. Alipoiona picha alifikiri labda mambo yalikuwa yamekuwa magumu kijijini kuliko alivyojua. Labda mama alikuwa anakwenda kukaa stendi ya Mbande, pamoja na wale akina mama wanaonyoosha mikono mabasi yakisimama.

"Ukafikiri mama yako anaomba," Penina alisema polepole, "na wewe ukabadilisha njia ya kwenda kazini."

Lameck alijaribu kueleza. Alisema ofisini kwake watu waliligeuza tangazo lile kuwa utani. Mtu akichelewa kuchangia chai wanamwambia atazeeka kama bibi wa skrini, na mmoja alisema yule lazima ni Mgogo, ona mkono ulivyozoea. Walicheka. Yeye hakucheka, lakini hakusema kitu. Aliendelea na kazi.

Penina alikuwa amesikia mengi siku hiyo, na mengi yalimkasirisha. Hili halikumkasirisha kwanza. Lilimwondolea nguvu. Aliwaza kwamba watu wa Dar es Salaam hawamjui, Elisante hamjui, hata Noeli alimwona mara moja tu. Huyu alinyonya kwake. Kisha hasira ikaja, nyingi. Alimwambia Lameck kwamba walizifuta karanga, kwa hiyo mtu mwingine angeweza kudanganyika. Lakini mtoto wake alitakiwa ajue mkono ule hata ukiwa mtupu.

Hakula. Aliingia chumbani, na Ruthu akamfuata, na Penina akamwuliza kama ana sufuria kubwa.

*

Kutoka kijijini alikuwa amekuja na kiroba cha karanga kwa ajili ya wageni wa kipaimara. Asubuhi ya Jumamosi yeye na Ruthu walizikaanga kwa chumvi na mchanga mpaka mtaa mzima ukanukia. Walizimimina kwenye beseni mbili, wakafunika kwa vitambaa safi, wakachukua bajaji mpaka kwenye lile jengo. Penina alivaa gauni lake la ibada na kilemba cheupe. Hakukaa chini. Alisema siku hiyo hatakaa hata miguu ikivimba.

Alisimama chini ya skrini, kando ya barabara, mahali bajaji na bodaboda husubiri abiria, akaanza kugawa. Kila aliyepita alimjazia kiganja. Hakupiga kelele. Alisema maneno yaleyale, kwa sauti aliyozoea kuwasalimia watu njiani: "Chukua karanga, mwanangu. Mimi ndiye yule wa juu pale. Siku ile nilikuwa natoa, kama hivi. Wakazifuta."

Watu wa kwanza walizipokea wakidhani anauza. Walipoelewa, walisimama. Walingoja mzunguko, wakaangalia skrini, wakamwangalia yeye, wakaangalia kidole. Dereva mmoja wa bajaji, mtu wa makamo, alitema mate chini akasema huu ni uhuni. Akina mama wawili waliotoka sokoni walimwuliza anatoka wapi, na waliposikia Kongwa mmoja akasema na yeye kwao ni Mpwapwa, akaweka kikapu chini, akasaidia kugawa. Wengine walitoa simu. Msichana mmoja alirekodi mwanzo mpaka mwisho, akamwomba Penina ruhusa kabla ya kuituma popote. Penina akampa ruhusa, na akamwambia yeye ndiye mtu wa kwanza kumwomba.

Kila uso ule mweusi ulipotokea juu, watu walizomea. Zomeazomea ile iliwavuta wengine, na wateja wa maduka wakaanza kushindwa kupita. Mlinzi wa jana alitumwa awaondoe. Alikuja, akapewa karanga, akasimama pembeni anakula.

Mwishowe alishuka Elisante mwenyewe. Alikuwa amevaa fulana ya Jumamosi na alitabasamu kwa watu wenye simu. Alimwambia Penina kwa heshima kwamba suala lake linashughulikiwa, ila hapa anazuia biashara za watu wasiohusika, wapande juu wakazungumze. Penina alichota karanga, akamnyooshea. Mbele ya umati ule Elisante hakuweza kukataa. Alinyoosha kiganja, akapokea.

"Ubaki hivyohivyo," Penina alimwambia. "Sasa mwenye simu akupige picha, halafu azifute hizo karanga, tuone watu wa Dar watakuita nani."

Elisante alitazama mkono wake mwenyewe ulionyooka mbele ya macho ya watu, na Penina aliona jinsi jambo lenyewe lilivyomwingia, taratibu, mpaka masikio yakamwiva. Alifumba kiganja. Akageuka, akapanda ngazi. Baada ya muda mfupi skrini yote ikawa nyeusi, na ikabaki nyeusi. Faridi alichungulia mlango wa pembeni, akamwambia Ruthu kwamba safari hii amri imetoka juu.

*

Video ya yule msichana ilizunguka kwenye simu za watu siku mbili zilizofuata, na Jumanne wageni wakafika Nzuguni. Walikuja kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, wakakodi gari mpaka mlangoni. Mkubwa wao alikuwa dada aliyejitambulisha kwa jina la Josephine, wa mawasiliano, Kivuli Bima. Alitoa shikamoo huku amepiga goti. Alisema kampuni imeguswa sana, tangazo limeondolewa, na wamekuja kuomba radhi kwa vitendo. Nyuma yake watu wawili walikuwa wanashusha vitu kwenye gari: mchele, mafuta ya kupikia, blanketi, katoni za sabuni, na bango lenye jina la kampuni. Nyuma ya hao alikuja mtu wa kamera, na alipoondoa uso kwenye kamera Penina akaona ni Noeli.

Josephine alieleza kwamba wangependa kurekodi wakati mama anapokea zawadi. Ingekuwa fupi tu, yenye hisia, na ingeonyeshwa kwenye skrini ileile ili umma uone mambo yamekwisha vizuri.

Ruthu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema neno moja la Kigogo ambalo wageni hawakulielewa.

Penina alimtazama Noeli. Alimwuliza kama watoto wake walizila zile karanga. Noeli alisema walizila. Kisha maneno yakamtoka kwa haraka: kalenda ilikwama, picha akamwuzia wakala, huko ndiko walikobadilisha, hata yeye aliliona barabarani kama watu wengine, na yeye alipiga tu.

"Fundi aliniambia anawasha tu," Penina alisema. "Mkubwa wake anauza muda tu. Wewe ulipiga tu. Dada huyu atasema nini?"

Josephine alianza kusema kwamba wabunifu, kwa kweli, walikuwa wamepewa maelekezo ya jumla tu, kisha akasikia maneno yake mwenyewe, akaishia hapo.

Penina aliwaambia warudishe vitu vyao garini. Alisema walimpiga picha akitoa wakamwonyesha anaomba, na sasa wamesafiri kutoka Dar es Salaam ili wampige picha anapokea, wapate kuuza bima kwa mara ya pili kwa mkono uleule. Alitaka kitu kimoja. Skrini ile iandike jina lake na ukweli, kwamba Penina Ndahani wa Kongwa hakuwa anaomba, alikuwa anatoa karanga zake mwenyewe, na kwamba picha ilibadilishwa bila yeye kujua. Ikae muda uleule ambao picha ilikaa. Josephine alisema atalifikisha, ila suala la maneno lazima lipitie kwa wanasheria. Aliaga kwa adabu nyingi. Mmoja wa wale wabebaji alisahau katoni ya sabuni kibarazani, na Penina akamfuata nayo mpaka kwenye gari.

Wanasheria hawakuchelewa. Jumapili ya kipaimara, familia ikitoka kanisani, Ruthu aliwaomba wapite barabara ile. Tangazo la soda liliisha, yakaja maandishi meupe kwenye buluu: KIVULI BIMA INAOMBA RADHI KWA USUMBUFU WOWOTE ULIOJITOKEZA. Hakukuwa na jina la mtu, wala karanga, wala Kongwa. Yalikaa kitambo, kisha likaja tangazo la magodoro.

"Usumbufu," Penina alisema.

*

Sherehe ilifanyika nyumbani, chini ya turubai, na wenzake Lameck wa ofisini walikuja wengi na mke wa mkuu wao. Baada ya chakula ukafika utambulisho. Lameck alichukua kipaza sauti, akatambulisha wazazi wa ubatizo, majirani, wanakwaya. Alipomfikia mama yake alimwomba asimame, naye akasimama pembeni yake.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Wenzangu wa ofisini mmeshamwona. Mmemwona kila siku pale barabarani. Mlipokuwa mkimcheka nilikuwepo, nikanyamaza kwa sababu niliona aibu. Aibu haikuwa yake. Amenisomesha kwa karanga, na hajawahi kumwomba mtu."

Kwenye meza ya wenzake mwanamume mmoja alishusha soda yake chini taratibu, kama glasi ingeweza kumsema. Baadaye alikuja kwa Penina, akainama, akamwamkia, akasema mama utusamehe, tulikuwa tunatania tu. Penina alimwitikia salamu. Msamaha hakumpa, wala hakumnyima chakula.

Jumatatu Lameck aliomba ruhusa kazini, akampeleka mama yake stendi. Alimtafutia kiti cha dirishani, akapandisha mzigo, akabaki amesimama kwenye njia ya katikati ya viti akiwazuia abiria wengine. Hatimaye aliuliza kama amesamehewa.

Penina aliangalia mikono ya mwanawe iliyoshika kiti cha mbele. Moyo ulikuwa umelegea tangu jana, hilo hakulikataa. Lakini mwezi mzima alikuwa ameanikwa ukutani, na mwezi mzima mtoto huyu alikuwa amepita njia nyingine. Hakuona sababu ya kujifanya hayo yamekwisha kwa sababu ya kipaza sauti.

"Yale ya jana nimeyasikia," alisema. "Mvua zikianza, uje na mkeo na watoto. Tutalima. Hilo lingine tutaliongea shambani, tukiwa wawili."

Kondakta aligonga bodi. Lameck alishuka, na basi likatoka kuelekea Kongwa.